Ghorofa Themanini Chumbani kwa Asekenye

Karatasi yenyewe ilikuwa ndefu kuliko meza yangu ya samaki. Hata baada ya kuwaondoa samaki wakavu wote wa Majanji na kuwarundika kwenye karai, ncha yake ya juu ilining'inia nje, na Mangeni akaishika kwa mkono isiburute vumbini. Akasema hicho kinachoning'inia ndizo ghorofa za kuanzia sitini kwenda juu.

Nikamwambia apumue kwanza, kisha arudie.

Akarudia. Hapa hapa Busia itajengwa nyumba ya ghorofa themanini, mguu mmoja upande wa Kenya, mguu wa pili upande wa Uganda, na barabara itapita katikati ya miguu yake kama ng'ombe anavyopitwa na ndama. Afrika nzima hakutakuwa na nyumba ndefu kama hiyo. Ukiwa juu kabisa utautazama Mwamba wa Tororo kwa chini, kama unavyotazama kichuguu.

Mama mmoja aliyekuwa akichagua ngege aliweka samaki chini akaondoka bila kununua. Alikuwa anakwenda kusimulia, na wala simlaumu, mimi mwenyewe miguu ilikuwa inawasha.

Ulikuwa mwaka wa sitini na tatu. Redio kila siku zilisema Kenya, Uganda na Tanganyika zitaungana ziwe nchi moja, na mtu mmoja wa Nairobi mwenye gari jeusi alikuwa amefikiri kwamba mahali nchi zinaposhikana mikono panafaa pawe na kitu cha kuonekana kutoka mbali. Simenti ipo jirani, Tororo. Jina la bwana huyo lilikuwa gumu midomoni mwetu, kwa hiyo tulimwita Bwana Ghorofa. Mangeni ndiye aliyekuwa mchora ramani wake. Ni mtoto wa kaka yangu, mimi ni senge wake, yaani shangazi, na kazi hiyo ilikuwa ya kwanza katika ukoo wetu wa Kisamia kumpa mtu meza na kiti. Mkewe Amulen alikuwa na mimba ya kwanza. Wote wawili walikula kwa kalamu ile.

Nikamuuliza kiwanja ni kipi. Kidole chake kikazunguka zunguka, kikapita kibanda changu, kikapita mikaratusi, kikasimama kando ya mahali fulani bila kupagusa.

"Ni pale kwa mama, senge," akasema akitazama chini.

Mama gani? Mama yake alikwisha kufariki. Ndipo nilipoelewa, na jasho likanitoka nikiwa kivulini. Alimaanisha kwa Asekenye, mama wa Amulen, mkwe wake.

Asekenye ni mjane wa Kiteso aliyepika ajon, ile pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Nyumba yake ilikaa mpakani kabisa. Chungu kilikuwa Uganda, na wanywaji wa upande mmoja walikalia Kenya. Haikupita jioni bila watu kujaa, na habari zote za kuanzia Mulanda mpaka Sio zilipumzika hapo kabla ya kuendelea na safari. Mumewe Emojong alipofariki, ndugu zake walikuja kila mmoja kwa zamu kutaka kumrithi. Kila mmoja alipewa ajon ya moto, akasikilizwa vizuri, akaonyeshwa njia ya kwao. Hakuna aliyefika hata mlangoni. Nyumba ile aliikandika kwa mikono yake na alisema atatoka humo akiwa amebebwa.

Sasa, kwa Wateso na kwa sisi Wasamia, mwanamume na mama wa mkewe hawapeani mikono. Hawakai mkeka mmoja. Akikutana naye njiani, mkwe anaingia kwenye majani mpaka mama apite. Na nyumba anayolala mama huyo, mkwe haingii hata mvua ya mawe ikimpiga. Wakiwa na jambo la kuambiana linapita kwenye mdomo wa mtu wa tatu, na mdomo huo ulikuwa wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyepeleka posa. Mangeni alikuwa amekuja nimpelekee maneno: mama atoe kiwanja, naye atapewa ukumbi wa ajon wenye vioo katika ghorofa ya chini, na chumba cha kulala humo humo.

"Na wewe utalala wapi?" nikamuuliza.

Akasema wafanyakazi wa kampuni watapewa vyumba ghorofa ya nne.

Alianza kuhesabu kwa macho kutoka chini kwenda juu, na alipofika ya nne, juu ya kichwa cha mama mkwe wake, nikaona rangi ya uso inabadilika.

"Hilo sikulifikiria," akasema.

Nilikwenda na maneno hayo jioni, nyumba ikiwa imejaa. Hili halikuwa jambo la kunong'ona. Nilipofika kwenye ghorofa themanini mirija ilianza kutoka midomoni. Edeku, fundi baiskeli, ambaye hajawahi kunyamaza kwa lolote, alitaka kujua nani atapeleka maji huko juu na kuku watalala ghorofa ya ngapi. Mtu akamjibu kuna chumba kidogo kinachopanda chenyewe kwa kamba, unaingia chini unatokea juu. Edeku akasema chumba hicho akiingia na mama mkwe wake kwa bahati mbaya, mlango ukafungwa, yeye atapita ukutani. Watu wakacheka mpaka chungu kikatikisika.

Kisha Okanya, dereva wa lori la pamba, akauliza jambo dogo. Aliuliza mtu akiwa ghorofa ya themanini ataona nini.

Nikasema ataona kila kitu, Merikit, Molo, mpaka ziwani.

"Na bafu za watu?"

Bafu zetu ni ua wa majani, hazina paa. Kila mmoja pale alikuwa ameoa au ameolewa, na kila mmoja alimwona akilini mama mkwe wake akikoga huku wakwe wote wa Busia wamejipanga madirishani juu. Edeku aliuchomoa mrija wake, akaufuta, akaukunja kwenye kifuko chake, akaenda nyumbani. Edeku, kabla ya chungu kuisha.

Asekenye alikuwa akimimina maji ya moto kwenye chungu wakati wote huo. Hakumwaga hata tone. Watu walipopungua akaniuliza kitu kimoja tu: hiyo karatasi inasemaje juu ya nyumba yake.

Sikujua. Asubuhi nilimfuata Mangeni nikamwambia aikunjue tena. Ilikuwa kazi nzuri, nisimnyime haki. Kibanda changu kilikuwepo, na hata jiwe ninalokalia. Choo kilikuwepo, mikaratusi, njia ya visimani, mahali pa chungu na mviringo wa viti. Lakini palipo na nyumba ya Asekenye palikuwa peupe. Hapakuwa na mstari hata mmoja. Na katikati ya weupe huo palikuwa na msalaba mdogo mwekundu.

Nikamuuliza nyumba imekwenda wapi.

Mangeni alikuwa amepima kiwanja kizima kwa mnyororo, akiwa na vijana wa kushika ncha. Alipokaribia nyumba alifunika uso kwa kofia akazunguka nje kabisa, kama mkwe yeyote mwenye adabu. Kwenye karatasi alipaacha peupe, akipanga kumtuma mtu mwingine apime baadaye. Lakini Bwana Ghorofa alikuja kabla ya huyo mtu mwingine, akaipenda karatasi, akaona kiwanja kimejaa miti na vyoo isipokuwa mahali pamoja pa wazi, tena katikati, akachukua kalamu nyekundu akasema hapa hapana kitu, kitovu kiwe hapa. Ghorofa zote themanini zilikuwa zimepimwa kutoka kwenye msalaba ule.

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia pana nyumba. Akasema nyumba ya udongo inaanguka asubuhi moja." Akasugua macho. "Ningepimaje, senge? Ningeingilia wapi?"

Nilipomweleza Asekenye hakunielewa mara moja. Tukaingia ndani sisi wawili, nikamwonyesha kwa fimbo ya kusongea: jiwe langu liko kule, choo kule, kwa hiyo msalaba unaangukia hapa. Fimbo iligusa kitanda. Akakikalia kitanda chake akashika godoro kwa mikono miwili, kama mtu aliyeambiwa ardhi inatembea.

"Kwa hiyo nyumba ndefu ya Afrika inaanzia hapa ninapolala," akasema.

Nilimwambia akatae. Kiwanja ni chake, nani atamlazimisha? Akaniuliza akikataa, mkwe wake atakula wapi, na mtoto aliye tumboni mwa Amulen atavaa nini. Kisha akanituma niseme hivi: yeye hajakataa na hajakubali, bwana mwenye nyumba ndefu aje mwenyewe aseme naye mlangoni kwake.

Bwana huyo hakuja kusema. Alikuja kuanza.

Alishuka kwenye gari jeusi siku ya soko, akiwa na suti ya kijivu na mpiga picha aliyekodiwa Tororo. Alileta kigingi kilichopakwa rangi nyekundu na nyundo mpya. Watu walijaa kutoka pande zote mbili za mpaka, wengine juu ya miti. Asekenye alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya chungu, shuka begani, akitazama kama mtu aliyealikwa kwenye sherehe ya jirani. Bwana Ghorofa alimsalimu kwa mbali akimwita bibi, akasema atalipwa haki yake yote wala asiwe na wasiwasi, kisha akahutubia. Sikumbuki mengi. Alisema dunia nzima itauliza Busia ni wapi. Akasema kigingi cha kwanza kitapigiliwa na mikono ya mtoto wa hapa hapa, akampa Mangeni nyundo, akamwelekeza mlango.

Amulen alikuwa amenishika mkono. Kucha zake ziliingia.

Mangeni alitembea mpaka usawa wa kizingiti. Mlango ulikuwa wazi na ncha ya kitanda ilionekana. Watu wazima walianza kugeuza nyuso, mmoja mmoja, kama wanaoona mtu anavuliwa nguo hadharani. Mama mmoja alijifunika kichwa chote kwa kanga. Nami niliyeleta posa, niliyekula kuku wa posa hiyo, nikatazama miguu yangu.

Akaweka kigingi chini, juu ya majani. Akaweka na nyundo. Akavua kofia akafunika uso nayo.

"Bwana, mimi hapo siingii," akasema.

"Hata ikiwa ndiyo kazi yako?"

"Hata kazi."

Kucha za Amulen zikatoka mkononi mwangu. Bwana Ghorofa akawageukia vibarua. Wa kwanza mkewe ni wa ukoo wa Asekenye, kwa hiyo Asekenye ni mama yake. Wa pili alikuwa ametoa mahari nusu kwa binti wa dada yake Asekenye. Wa tatu hakuwa na mke ila alisema hapendi kujifungia njia ya kuoa ukoo huo. Bwana Ghorofa alicheka, kicheko cha mtu anayetazama saa. Aliuliza kama Busia nzima inaogopa kitanda cha bibi kizee.

Asekenye hakuwa kizee. Nadhani hilo ndilo lililomponza bwana huyo.

Akainama akaokota kigingi na nyundo, akaingia mwenyewe.

Kutoka niliposimama niliona yote. Jua lilikuwa kali na suti ilimbana, akavua koti. Akatafuta pa kulitundika, akaona msumari ukutani juu ya kitanda. Ulikuwa msumari wa koti la marehemu Emojong, na tangu msiba haukuwahi kubeba kitu. Akalitundika. Akasukuma kitanda pembeni kwa goti, akapiga magoti, akaanza kupigilia.

Kila pigo lilisikika mpaka barabarani.

Kwetu mwanamume anayemchukua mjane haji na maneno mengi. Anaingia chumbani mchana kweupe, watu wakiona. Anatundika koti lake. Anasimika kitu sakafuni kwa mkono wake mwenyewe, nguzo au kigingi, kuonyesha kwamba amekuja kukaa. Basi. Hayo ndiyo ambayo ndugu wa Emojong walishindwa kuyafanya kwa miaka yote, na mgeni alikuwa ameyafanya yote kwa mfululizo bila kuambiwa na mtu.

Alitoka anajifuta jasho, ana shati tu. Mpiga picha akampiga picha mlangoni. Hapo Acen, mama mwuza vyungu ambaye hasikii vizuri na alifikiri yote yalikuwa yamepangwa, akapiga kigelegele. Kikapokewa na mwingine, na wa tatu. Bwana Ghorofa akainua mkono kushukuru, akidhani ni kwa ajili ya ghorofa.

Asekenye hakuinuka kwenye kigoda. Alijitengeneza shuka, akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuagiza chumvi.

"Loy, muulize bwana. Ng'ombe atawaleta kutoka Nairobi au atanunua hapa Molo?"

Nikauliza, ndiyo kazi yangu. Bwana Ghorofa akauliza ng'ombe gani. Akamgeukia mchora ramani wake, akamshika bega ili amweleze.

Mangeni aliruka nyuma kama aliyeunguzwa. Akaingia kwenye majani, akageuza mgongo, akainamisha kichwa.

"Baba mkwe," akasema, "tafadhali usinishike. Ni vibaya mbele ya watu."

Nimeona watu wakishtuka. Sijaona mtu anayeanza kushtuka kutoka miguuni. Bwana Ghorofa alitazama mlango, akatazama koti lake ukutani, akatazama kigoda, akatazama ile kamera. Alisema ana mke, wa ndoa ya kanisani. Edeku akamjibu kwa heshima zote kwamba Emojong naye alikuwa na wawili na hapakuwa na ugomvi. Akataka aletewe koti. Vibarua wakatazama miti. Akapiga hatua kwenda kulichukua mwenyewe, na Edeku akamshauri, bado kwa heshima, asiharakishe, maana akiingia mara ya pili mbele ya mashahidi hawa, hata mzee wa kanisa hataweza kumtoa.

Gari lilirudi Kenya likiwa na mtu mwenye shati. Alisimama njiani mara moja tu, kununua ile filamu kwa mpiga picha.

Watu walicheka siku ile mpaka wakalala pale pale, lakini mimi niliona Asekenye hakucheka. Alipouliza habari ya ng'ombe alijua anazima jiko la binti yake. Juma lile lile akaja karani kuchukua mnyororo wa kupimia na kumwambia Mangeni asifike tena kazini. Ghorofa themanini tulisikia zimepelekwa mji mwingine, kisha tukasikia hazijapelekwa popote, na redio nazo zikaacha taratibu kuimba habari ya nchi moja.

Mangeni alileta mbuzi. Alimfunga mbali, akanituma niseme anaomba radhi kwa kumweka mama yake kwenye karatasi. Asekenye akampokea mbuzi, akanituma nirudi na jibu: ile stoo yake ya wimbi ina mlango unaotazama barabara, na mgongo wake ndio unaotazama nyumba. Aweke meza yake humo. Watu wana viwanja, wanataka kujua nyumba itakaaje kabla ya kukata miti.

Anachorea humo mpaka leo, nyumba za vyumba viwili, vitatu, maduka, na kanisa moja. Dirisha lolote linalotazama bafu la mtu halijawahi kutoka kwenye kalamu yake. Ile karatasi ndefu ameitundika ukutani, imekunjwa darini kwa sababu stoo ni fupi. Mwaka mtoto wake alipoanza kutembea aliniomba nimweleze ndani ya nyumba ya mama pakoje, mlango wa chumba uko wapi na kitanda kimelalia upande gani, ajaze pale peupe, maana wateja wanamwuliza kama alisahau.

Nilimpelekea Asekenye swali hilo. Alikuwa shambani akitazama wimbi, na ndege walikuwa wengi mwaka huo, lakini hawakutua. Katikati ya shamba alikuwa amesimamisha miti miwili na kuivalisha koti la kijivu, zuri, la Nairobi, mikono imenyooka pande zote mbili za mpaka.

"Mwambie mwanangu apaache peupe," akasema. "Pamepimwa vizuri."